Haraka ya Nani?

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama chakula cha haraka na chakula kisicho na lishe ni kitu kimoja, maana mmebishana kazini hadi mkanuniana. Si kitu kimoja. Jina la kwanza linaeleza namna chakula kinavyotolewa: kimeandaliwa mapema au kwa hatua chache, mteja analipa, anakabidhiwa, anaondoka nacho. La pili linaeleza kilichomo. Matunda yaliyokatwa na kufungwa tayari yanaweza kuuzwa kwa haraka hiyo hiyo, na keki yangu inayonichukua asubuhi nzima haina lishe ya kujivunia.

Linalonisumbua ni neno haraka lenyewe. Sisi tuliokuzwa tukiambiwa kwamba haraka haraka haina baraka, chakula hicho tunakihukumu kabla ya kukionja. Nimesema mara nyingi na nitasema tena: hiyo ni haraka ya jikoni, si ya mlaji. Mwaka 1948, ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, walipoupanga upya mgahawa wao huko San Bernardino, California, walipunguza orodha ya vyakula, wakaachana na wahudumu waliowapelekea wateja chakula kwenye magari, na kazi ya jikoni wakaigawa vipande vipande kama ya kiwandani. Hakuna aliyeagizwa kutafuna upesi. Ingawa, nikisema kweli, viti vya migahawa ya namna hiyo havimshawishi mtu kukaa, kwa hiyo huenda haraka ya jikoni humfuata mlaji hadi mezani. Hata hivyo sijashawishika.

Unaikumbuka insha yako ya darasa la tatu, ile aliyoihifadhi marehemu baba yako? Uliandika: “Chakula cha haraka ni chakula anacholeta mama akichelewa.” Mwalimu alipiga mstari mwekundu chini ya neno la mwisho na kuandika pembeni, “Fafanua.” Nilicheka mbele yenu, kisha nikaenda kuoga ili msiuone uso wangu. Boksi lile, ambalo mafuta yalikuwa yamelowesha pembe zake, nilikuwa nikilipakata ndani ya basi kwa saa nzima, nimelifunika kwa mtandio lisipoe. Haraka gani hiyo?

Nani ameshinda ubishi wenu sitasema, ingawa ulimi unaniwasha. Insha bado imo katika sanduku la baba yako, na nafasi uliyoachiwa ufafanue iko tupu.

Mama yako