Kabla hujamtajia mgeni saa ya kurudi chomboni

Wadogo zangu mnaoanza kutembeza wageni hapa Amu, yaani Lamu, Kiingereza cha kuelewana mnacho. Ninalotaka kuwaambia ni maneno yanayofanana masikioni, maana mimi yalinigharimu.

Mwaka wangu wa kwanza niliipeleka familia moja kwenye magofu ya Takwa, kule kisiwa cha Manda. Mkondo ule wa mikoko mnaujua: chombo huingia maji yakijaa, na yakianza kupwa hayamngoji mtu. Niliwaambia warudi "two fifteen", yaani saa nane na robo. Wao wakasikia "two fifty". Wakaja saa tisa kasoro dakika 10, wametulia kabisa, na chombo kimeshapwelewa. Tulikaa na mbu hadi maji yalipojaa tena usiku, na mtoto wao analia njaa. Mtoto yule sijamsahau.

Nilikosea wapi? Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, nami nikaipeleka tabia hiyo kwenye "fifteen": nikakaza mwanzo, mwisho nikaumeza. Mwingereza akisikia mkazo mwanzoni anadhani ni 50. Kaza mwisho, vuta ile irabu, na "n" isikike wazi. Ndivyo ilivyo kwa 13 na 30, 14 na 40, mpaka 19 na 90, na hapo bei zenu zimo. Nanyi mkisikiliza, tegeni zaidi ile "n", kwa kuwa wao wenyewe mkazo huuhamisha wakitaja kitu baada ya namba. Siku hizi mimi husema "quarter past two".

Irabu zetu ni tano, zao ni nyingi zaidi. Mgeni akikuuliza "Where do you live?" anataka kujua unakaa wapi. Mimi nilisikia "leave", kuondoka, nikamjibu gatini. "I" yetu ya "kiti" iko karibu na ya "leave" na "sheep". Ya "live" na "ship" ni fupi, mdomo umelegea, sauti imeelekea kidogo kwenye "e". Hiyo hatuna, inabidi kuizoea.

Lakini tunazo sauti ambazo wengine huzihangaikia. "Think" ina "th" ya thelathini, "this" ina "dh" ya dhahabu. Na sisi wa pwani tunatofautisha paa la nyumba na paa wa mwituni, yule anayetamkwa kwa pumzi. Kiingereza kinataka pumzi hiyo "p" ikianza neno. Ukisema "park" kwa "p" ya paa la nyumba, mgeni aweza kusikia "bark", kubweka. Vivyo hivyo "coat" iwe na "k" ya kaa wa baharini. Ukitumia ya kaa la moto atasikia "goat", naye atatafuta mbuzi.

"Sail" na "sale", "tide" na "tied", hayo msijisumbue nayo. Hutamkwa sawasawa, na maana yake huamuliwa na sentensi.

Mkifika Takwa, kabla mgeni hajashuka, mwambie airudie saa uliyomtajia kwa kinywa chake. Kisha mwonyeshe kwa kidole kwenye saa ya mkononi, hata kama amesema ameelewa.