Unga wa "seli shina" na miguu isiyopata damu: yaliyomkuta mzee wangu

Dada, umesema mama yako miguu inapoa, kigimbi kinambana akitembea, na kuna mtu anamuuzia unga wa "seli shina" kwa laki tatu. Nakuomba usitoe pesa hiyo kabla hujanisoma.

Mzee wangu yuko Wete. Ana sukari miaka mingi, na sigara kaanza kuvuta tangu kijana. Akienda msikitini alikuwa anasimama njiani mara mbili, kama anasalimiana na watu, kumbe kigimbi kimekaza. Akipumzika kidogo maumivu yanaondoka, akiondoka yanarudi. Sisi tukasema uzee huo. Tukamkanda kwa maji ya moto na chumvi. Miguu ilikwishaingia ganzi, hakuhisi kama anaungua. Malengelenge yale ndiyo yaliyogeuka kidonda.

Hapo ndipo alipokuja muuzaji. Tulimpa pesa za karafuu za msimu mzima. Miezi miwili mzee anakoroga unga anakunywa, kidole kinabadilika rangi, tunaambiwa ni sumu inatoka. Tulipomvusha Unguja kidole kilikuwa cheusi, kikakatwa. Mpaka leo nikimwona anavaa kandambili moyo unaniuma.

Seli shina ni seli changa za mwili zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine. Seli hai ukizinywa, tumbo linazisaga kama linavyosaga muhogo. Tiba ya kweli inayofanyiwa utafiti ni kuchota uloto (ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu) kwenye mfupa wa nyonga, kuchuja seli zake, kisha kuzidunga kwenye misuli ya mguu au kuzipitisha kwenye ateri, yaani mshipa unaopeleka damu mguuni, kwa tamaa kwamba vijishipa vipya vitaota. Wajapani walichapisha matokeo ya kutia moyo mwaka 2002. Lakini mwaka 2015 ukatoka utafiti wa Uholanzi wa wagonjwa 160: waliopitishiwa seli kwenye ateri na waliopewa dawa ya kuigiza isiyo na seli hawakutofautiana kwa kukatwa miguu baada ya miezi 6. Muhimbili na Hospitali ya Benjamin Mkapa wanapandikiza uloto, ni kweli, ila kwa magonjwa ya damu. Asikuchanganye mtu kwa habari hiyo.

Kilichomsaidia mzee kilianza na kipimo. Walimpima presha ya mkono na ya kifundo cha mguu, wakagawanya ya mguu kwa ya mkono. Ikiwa chini ya 0.9, ateri zimeziba. Yake ilikuwa 0.5. (Mwenye sukari mishipa yake huwa migumu, kipimo kikaonekana kizuri na sicho, kwa hiyo ulizia na presha ya kidole cha mguu.) Akapewa aspirini na dawa ya lehemu, sukari ikadhibitiwa. Sigara tuligombana nayo sana, akaacha. Kidonda kilipopona akaambiwa atembee: aende mpaka kigimbi kiume, apumzike, aendelee, nusu saa, siku 3 kwa wiki. Mwezi wa tatu alifika msikitini bila kusimama. Nililia, sioni haya kusema.

Mama akianza kuumwa usiku amelala mpaka ateremshe mguu kitandani, au ana kidonda kisichofunga, au kidole kinageuka rangi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Na msimkande kwa maji ya moto wala makaa.

Tuandikie hapa: ameshapimwa sukari? Ni mguu mmoja au yote miwili?