Itoe picha mlangoni: niliyojifunza kwa kuchapa picha za nyeusi na nyeupe

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii, nitaanza na kosa langu, maana ndilo lililonifundisha sehemu kubwa ya haya ninayowaandikia.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa makamo alikuja dukani kwangu Magomeni na picha ya studio ya zamani, ndogo kama kiganja. Babu yake amesimama, kanzu, koti na kofia. Pembeni bibi ameketi, amejifunika buibui kuanzia kichwani, uso wazi. Alitaka ikuzwe iwe A3, aitie fremu na kuitundika sebuleni. Nikaiskani, nikafuta mikwaruzo, nikachapa. Chini ya taa zangu ilipendeza kweli. Mama akaipokea, akatoka nayo hadi mlangoni ili aione vizuri, akakaa kimya muda. Kisha akaniita.

"Mwanangu, mbona babu amekuwa wa kijanikijani? Na mkono wa bibi umekwenda wapi?"

Nikasogea nitazame. Ni kweli. Kwenye mwanga wa mchana kijivu chote kilikuwa kimeingia ukijani, na kanzu ndiyo iliyosema zaidi. Na kwenye picha yake ya asili, ukiikaribia, unaviona vidole vya bibi vimeshika ukingo wa buibui usawa wa kifua. Kwenye karatasi yangu pale palikuwa na weusi mtupu. Nilimwomba radhi, nikamwambia arudi baada ya wiki, sikumtoza kitu. Wiki ile nilijifunza kuliko miaka yote niliyokuwa nikichapa picha za pasipoti na harusi.

Kwanza huo ukijani. Printa nyingi tulizonazo mitaani, kama Epson L805 na L1800, zina wino sita: nyeusi, samawati, majenta, njano, samawati hafifu na majenta hafifu. Nyeusi ni moja tu. Kwa hiyo mashine ikitaka kijivu laini cha shavu au cha kanzu, hukipata kwa kuchanganya rangi. Na kila wino unaurudisha mwanga kwa namna yake. Mchanganyiko uliosimama sawa chini ya taa ya dukani unaweza kuegemea kijani ukiupeleka juani, au ukaingia wekundu ukiuweka chini ya balbu ya manjano. Picha ya rangi huvumilia hilo, macho hayatambui. Picha ya nyeusi na nyeupe haina pa kujificha: kijivu kikiyumba kidogo tu, mtu yeyote anaona, hata kama hajui aseme nini.

Watengenezaji walilijua tatizo hili mapema. Mwaka 2005 Epson walitoa Stylus Photo R2400 yenye nyeusi za ngazi tatu, nzito, hafifu na hafifu zaidi, pamoja na mpangilio maalumu wa kuchapa nyeusi na nyeupe ambao hutumia nyeusi hizo kwa wingi na rangi kidogo sana. Hapo ndipo wengi walipoanza kuiamini printa ya wino kwa kazi hii. Marekani, Jon Cone alikuwa amekwenda mbali zaidi: wino wake wa Piezography huondoa rangi zote kwenye printa na kuweka vijivu vya ngazi mbalimbali mahali pake. Sisi hatuna haja ya kufika huko. Lakini ukiwa unanunua printa mpya na unataka kazi hii, uliza swali moja dukani: ina wino wa kijivu? Epson L8180 ya matangi inao. Canon PRO-300 inao. Epson SC-P700 ina kijivu cha ngazi mbili. Printa isiyo na kijivu itakulisha, lakini utahangaika nayo.

Na kama huna uwezo wa kununua sasa, fanya hivi nilivyofanya mimi kwa muda mrefu. Badala ya kupigania kijivu safi, ipe picha nzima joto kidogo, ukahawia mwepesi kama wa picha za zamani. Kidogo tu, mteja asiuone kama rangi. Jicho likishakubali kwamba picha ina joto, halishughuliki na mayumbo madogo ya mchanganyiko. Kulazimisha wino mweusi peke yake nako kunaondoa ukijani, ila sehemu zenye mwanga, kama paji la uso na kanzu, huonyesha chembechembe, kwa sababu mashine ina vitone vyeusi tu vya kutawanya kwenye weupe. Kwa A3 inayotazamwa ukutani kwa mbali, inafaa. Kwa picha ya kushika mkononi, hapana.

Sasa vidole vya bibi. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ningependa mkae hapa muda mrefu kuliko mnavyokaa kwenye kuchagua printa.

Skrini inatoa mwanga wake yenyewe. Karatasi inaazima mwanga wa chumba. Ndiyo maana kila anayeanza hulalamika picha zinatoka nyeusi mno. Mara nyingi printa haina kosa, skrini ndiyo imewashwa kama taa ya uwanja wa mpira. Ishushe. Wanaopima hutumia kandela 80 hadi 120 kwa mita ya mraba. Kama huna kipimo, fungua ukurasa mweupe kwenye skrini, shika karatasi nyeupe kando yake kwenye mwanga ule ule unaokagulia picha, kisha punguza mwanga wa skrini hadi vyeupe viwili vikaribiane.

Baada ya hapo chapa ngazi ya kijivu. Ni mstari wa vibao 21, kutoka weupe wa asilimia 0 hadi weusi wa 100, kila kibao kikiongeza asilimia 5. Utautengeneza mwenyewe kwa dakika kumi. Uchape kwenye karatasi ile ile utakayotumia kwa kazi ya mteja, kwa mpangilio ule ule, uache ukauke, uutoe mlangoni. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza, 85, 90, 95 na 100 vilikuwa kitu kimoja. Vibao vinne, weusi mmoja. Nikafungua faili ya mama yule, nikapima pale kwenye vidole: 88. Kwenye ukingo wa buibui: 93. Nilikuwa nimeituma mikono ya bibi mahali ambapo karatasi yangu haina uwezo wa kuitofautisha.

Dawa yake ni kurekebisha mkunjo wa mwanga (Curves) kwenye programu ya kuhariri picha, uviinue vivuli peke yake, yaani uvipunguzie weusi, bila kugusa uso wala kanzu. Vile vilivyokuwa 88 niliviinua hadi karibu 78, nikaacha 100 ibaki 100 ili picha isipauke. Kwenye skrini buibui ilionekana imechuja. Kwenye karatasi ilitoka buibui, na ndani yake mkunjo, na ndani ya mkunjo vidole vinne.

Karatasi nazo hazilingani. Kuna kipimo cha ukolevu wa weusi: karatasi nzuri inayong'aa hufika 2.2 au zaidi, isiyong'aa huishia kama 1.6 au 1.7. Maana yake isiyong'aa ina nafasi ndogo zaidi ya kupanga vivuli, na ngazi yake ya kijivu lazima ichapwe upya, usitumie marekebisho ya karatasi nyingine. Mimi bado napenda isiyong'aa kwa picha za wazee, maana haimuliki usoni unapoitazama, ila nafanya kazi zaidi kwenye vivuli. Na tafadhali, ndani ya printa chagua aina ya karatasi iliyo sawa na uliyoweka. Chaguo hilo ndilo linaloamua kiasi cha wino kinachomwagwa. Ukiiambia mashine ni karatasi inayong'aa huku umeweka ya kawaida, wino utatuama na vivuli vyote vitafungana. Jambo jingine la haraka: rangi zisimamiwe ama na programu ama na printa. Zikisimamiwa na vyote viwili, utapata kijivu cha ajabu na utatafuta kosa siku nzima.

Kabla ya yote hayo kuna kugeuza picha ya rangi kuwa nyeusi na nyeupe, na hapa naona vijana wengi wanabonyeza kitufe kimoja cha kuondoa rangi kisha basi. Chukua picha ya dada aliyevaa kanga yenye nyekundu na kijani. Kwa macho, rangi hizo zinapigana. Ukiondoa rangi kwa kitufe, zinaweza kuwa kijivu kimoja, na jina la kanga lisisomeke. Mwenye kanga atakuuliza jina liko wapi, na ana haki, maana kanga huvaliwa kwa jina lake. Tumia ile sehemu ya programu inayokuruhusu kupanga kila rangi iwe kijivu cha kiasi gani. Kuongeza mchango wa nyekundu kunang'arisha ngozi na kulainisha madoa, na kuongeza wa samawati kunaitia ngozi giza na kufichua kila chunusi. Ngozi zetu zinapendeza sana kwenye nyeusi na nyeupe zikipewa nafasi yake, ila usimwangaze mtu hadi awe mwingine. Mpe mng'ao wa shavuni na kwenye paji, weusi wake uache.

Faili nayo. Kwa A4 iliyo safi unahitaji kama pikseli 2480 kwa 3508. Picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida imeshabanwa, na mbano huo huonekana kwanza kwenye vivuli na kwenye anga, kama miraba midogo. Mwombe mteja aitume kama dokumenti, au aje na simu yake umhamishie mwenyewe.

Kuhusu kukausha, sisi wa pwani tuna mtihani wetu. Wakati wa masika karatasi hunywa unyevu, zinajikunja, hedi, kile kichwa cha printa kinachorusha wino, inazigusa na kuacha michirizi kwenye weupe. Zihifadhi kwenye mfuko wake uliofungwa, toa unazotumia tu. Picha ikitoka usiihukumu papo hapo, kwa sababu wino wa dai (ambao rangi yake imeyeyuka kwenye maji) hubadilika kidogo kadiri unavyokauka. Mimi huiacha hadi kesho yake. Na usiitie kwenye kioo siku hiyo hiyo hata mteja akikusihi, maana mvuke wa wino hutoka polepole na kuganda kwa ndani kama ukungu. Kama ni ya msiba na inatakiwa jioni, ipeleke kwenye fremu bila kioo, kisha mwambie mfiwa kwa upole kwamba utakuja kukiweka baada ya siku mbili.

Mwambie mteja ukweli kuhusu uhai wa picha pia. Wino wa dai ukipigwa na jua la dirishani hufifia, na wa pigmenti, wenye chembe za rangi zisizoyeyuka, hudumu zaidi. Si jambo geni. Graham Nash, mwanamuziki, alipofungua Nash Editions kule California mwaka 1991, alichapa picha zake kwa mashine ya Iris iliyokuwa imetengenezwa kutoa nakala za kukagua kazi kabla ya kuchapwa kiwandani, na wino za mwanzo za mashine zile zilijulikana kwa kufifia haraka. Kisha kuna wino wa bei rahisi wa kujaza usiojulikana umetoka wapi: weusi wake mara nyingi una uzambarau ndani. Kwa risiti unaweza kuupuuza, lakini usiuweke kwenye sura ya marehemu wa mtu.

Printa yenyewe iheshimuni. Chapa jaribio la matundu ya wino kila wiki hata kama hakuna kazi, maana hedi ikikaa bure inaziba. Ikiziba, isafishe mara moja au mbili, kisha iache ipumzike saa kadhaa. Kurudia kusafisha mara kumi kunamaliza wino na kujaza pedi inayopokea wino taka. Zima kwa kitufe chake, usichomoe ukutani, kwa sababu kitufe ndicho kinachoirudisha hedi kwenye kifuniko chake. Umeme ukikatika katikati ya kazi hedi inabaki nje ikikauka, kwa hiyo UPS ndogo, ile betri ya akiba, ni sehemu ya printa.

Mkipata nafasi ya kwenda Unguja, piteni Barabara ya Kenyatta, Mji Mkongwe, pale Capital Art Studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Tazameni kwa karibu picha za nyeusi na nyeupe za zamani: zitoleeni macho kanzu, kisha mtazame vivuli. Mafundi wa chumba cha giza hawakuwa na kitufe cha kurudisha nyuma. Walikata kipande cha karatasi, wakakipiga mwanga kwa ngazi, wakakisafisha, wakakipeleka nje kukitazama. Ngazi yetu ya vibao 21 ni mtoto wa kipande kile.

Mama alirudi baada ya wiki. Hakuitazama ndani. Aliichukua moja kwa moja hadi mlangoni, nami nikamfuata. Akaweka kidole pale kifuani bila kuigusa karatasi, akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini: moja, mbili, tatu, nne. Nyuma ya picha ile, na nyuma ya kila picha tangu siku hiyo, niliandika kwa penseli laini tarehe, aina ya karatasi, wino, na ni kiasi gani nimeviinua vivuli. Dada yake alipokuja mwaka uliofuata kutaka ya kwake, tuliigeuza, tukasoma, tukachapa nyingine kama ile.