Shangazi Jikoni: Jeli kwa mgeni Myahudi, inafaa?

SWALI: Shikamoo shangazi. Niko New York, jirani yangu Myahudi kanialika Ijumaa jioni nami nataka nipeleke jeli ya matunda, si sukari na rangi tu jamani? Au kuna tatizo?

JIBU: Marahaba mwanangu. Tatizo lipo, na liko kwenye gelatini, kile kitu kinachogandisha jeli, maana inatokana na ngozi na mifupa, mara nyingi ya nguruwe au ng'ombe, na nguruwe kwao ni marufuku kabisa kama kwetu Waislamu, halafu hata ng'ombe lazima achinjwe kwa sheria yao.

Sasa marabi wenyewe, yaani wanazuoni wa dini yao, hawajaelewana! Rabi Chaim Ozer Grodzinski wa Vilnius aliruhusu gelatini ya mifupa mikavu, hoja yake ni kwamba mfupa uliokauka kama mti si chakula tena. Rabi Moshe Feinstein wa Marekani akakataa, akataka mnyama awe wa kosheri, yaani halali kwa sheria yao, toka mwanzo. Ndo maana pakiti yenye herufi K peke yake usiiamini, wengi wanaoshika dini hawaitambui, tafuta alama ya OU, ya shirika la Kiyahudi linalothibitisha vyakula vya kosheri.

Ila mi ningekushauri utumie aga-aga, inatoka kwenye mwani, inaganda vizuri tu hata bila friji. Na usiweke maziwa, kwao nyama na maziwa havichanganywi mlo mmoja, na Ijumaa jioni, mlo wa kuanza Sabato yao, mara nyingi nyama haikosi. Tena muulize kwanza kama anapokea kitu kilichopikwa kwenye sufuria zako, wengine hawali. Akikataa usinune, mpelekee matunda mazima.