Utando wa ngano "huganda" au "hukakamaa"?

SWALI: Natafsiri maelezo kuhusu ngano changa na baridi. Nimeandika: "Baridi ikizidi, mafuta ya utando wa seli huganda, lakini mche uliokomazwa na baridi hustahimili." Mhariri amekataa "huganda" na "uliokomazwa". Kosa langu ni nini?

JIBU: Kisarufi hujakosea. Mafuta huganda, chupa ya mafuta ya nazi, joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, hugeuka nyeupe na ukiinamisha hayamwagiki. Ila ndani ya ngano kuna vitu viwili vya kuganda. Maji yaliyo nje ya seli huganda kuwa barafu nyuzi chache chini ya sifuri. Utando, ambao ni tabaka mbili tu za molekuli za lipidi (jamii ya mafuta) zinazoizunguka seli, huanza kupoteza umajimaji wake hata kabla ya hapo, wala haugeuki barafu. Ukisema "huganda", msomaji ataona barafu moja kwa moja. Mimi huandika: maji huganda, utando hukakamaa. Neno hilo linabeba na madhara yake. Barafu ya nje huivuta seli maji, seli husinyaa, na utando uliokakamaa hupasuka badala ya kujikunja, chumvi za ndani zikavuja. (Ndiyo maana maabara huloweka vipande vya jani katika maji safi na kupima umeme unavyopita: ukipita kwa wepisi, utando umeharibika.)

"Kukomaza miche" ni lugha ya kitalu na inafaa huko. Kwa ngano inapotosha, kwa kuwa ngano iliyokomaa ni ya kuvunwa. Sema "uliozoeshwa baridi": wiki 4 hadi 6 katika nyuzi 2 hadi 4. Katika muda huo vimeng'enya huipinda minyororo ya lipidi isishikamane. Chukua minyororo miwili ya aina hiyo: asidi ya steariki, mnyororo wa kaboni 18 ulionyooka, huyeyuka kwenye nyuzi 69; ya linoleniki, yenye kaboni 18 hizo hizo ila imepinda mahali 3, huyeyuka kwenye nyuzi 11 chini ya sifuri.

"Mafuta" nayo ningeiacha, maana humpeleka msomaji kwenye mafuta ya kupikia. Andika: "Baridi ikizidi, lipidi za utando wa seli hukakamaa, lakini mche uliozoeshwa baridi hustahimili."