Vitenzi vya Kihispania: anza na "hablar"

Ndugu, umeuliza utakaririje nyakati zote za kitenzi cha Kihispania bila kuchanganyikiwa. Usikariri jedwali zima kwa mkupuo. Chukua hablar, kusema, ondoa -ar, ubaki na habl-. Sisi nafsi tunaiweka mbele, ninasema, unasema; Wahispania huiweka nyuma: hablo, hablas, habla, hablamos, habláis, hablan.

Wakati ujao hauna shida, kwani hukati kitu: hablaré, hablarás. Ningesema ni hablaría.

Panapotaka subira ni wakati uliopita, maana zipo njia mbili. "Ayer hablé con mi madre" ni jana niliongea na mama, jambo limekwisha. "De niño hablaba mucho" ni utotoni nilikuwa naongea sana, yaani mazoea. Tafadhali usidharau alama ya mkazo: hablo ni ninasema, habló ni alisema!

Subjuntivo, yaani hali ya kutaka au kuomba jambo lifanyike, ndiyo inayowatisha wengi, lakini Mswahili ana bahati. Sema huwa useme, a inageuka e. Na wao vilevile: "quiero que hables", nataka useme. Hata katazo ni hivyo hivyo: "no hables", usiseme. Kwa comer, kula, na vivir, kuishi, geuza kinyume, e iwe a: come huwa coma, vive huwa viva.

Kila siku tunga sentensi zako mwenyewe kwa wakati mmoja tu, uzitamke kwa sauti. Ukizizoea, ndipo uongeze wakati mwingine.