Pima mgongo wako kwanza, lita baadaye

Majengo, Dodoma

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku wazima, na bibi yako anakusalimu sana. Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia. Unasema wewe na walimu wenzako mnaojifunza kupanda mawe kwa kamba hapo Singida mmekubaliana kwenda Mlima Hanang kiangazi hiki, na mwakani Mlima Meru, Mungu akijalia. Mabegi ya wenzako uliyojaribu yote yanakupwaya, mabega yanawaka moto kabla hujafika popote, na muuzaji mmoja amekwambia mwili wako ni mdogo, ununue la watoto. Unaniuliza: "Mama, ninunue la lita ngapi?"

Lita ziache kwanza. Lita zinaeleza vitu vingapi vitaingia ndani, haziongei lolote kuhusu mgongo utakaobeba. Na usimsikilize mtu anayekuangalia kimo akakuchagulia begi. Wapo wanawake warefu ambao urefu wao wote uko miguuni, na wapo wafupi wenye kiwiliwili kirefu. Nawaona kila siku wanaponijia na vitambaa. Kinachotakiwa ni urefu wa mgongo wako.

Mwombe mwenzako wa kike akupime kwa tepu ya fundi, isiwe rula. Inamisha kichwa. Apapase nyuma ya shingo mpaka akute kinundu cha pingili kilichojitokeza kuliko vingine. Mwanzo wa tepu unakaa hapo. Kisha inua kichwa, simama kama unavyosimama siku zote, ushike nyonga zako kwa mikono miwili, vidole mbele na gumba nyuma, ubonyeze mpaka uusikie ukingo wa juu wa mfupa. Mstari kutoka gumba hadi gumba unakatiza uti wa mgongo mahali fulani, na tepu inaishia hapo. Ifuate mbonyeo wa mgongo, isivutwe hewani.

Angalizo moja, maana utapitia kwa mafundi cherehani wenzangu wa hapo Singida. Sisi tukipima mgongo wa gauni tunaishia kiunoni, pale pembamba. Kipimo cha begi kinashuka zaidi, mpaka kwenye mfupa wa nyonga. Fundi asiyeelezwa atakupa namba pungufu na utanunua begi fupi. Pima pia mzunguko wa nyonga juu ya mfupa huohuo, usichukue namba ya kiuno cha suruali.

Kwa ninavyokujua, mgongo wako utakuwa kati ya sentimita 38 na 42. Begi la saizi ya kati kwa kawaida limetengenezwa kwa mgongo wa sentimita 45 hadi 50, na hayo ndiyo yaliyojaa madukani. Ukilivaa, mkanda wa kiunoni unateremkia makalioni. Ukiupandisha ukae kwenye nyonga, mikanda ya mabegani inanyanyuka mpaka unaweza kupitisha ngumi kati yake na bega, na mzigo unakuvuta kwa nyuma. Ndiyo maana mabega yanawaka. Kosa si la mwili wako, mama, na usikubali mtu akwambie utazoea.

Kumbuka mbeleko. Mama akimfunga mtoto vizuri, mtoto anagandamana na mgongo na uzito wake unakaa juu ya nyonga. Mama anafagia, anachota maji, anapanda mlima wa Kondoa bila kuhema sana. Akimfunga mtoto huyohuyo kwa kulegeza, akawa anayumba huko nyuma, hata mwendo wa kwenda dukani unamchosha. Begi linataka hivyohivyo. Karibu robo tatu ya uzito ikae kwenye mifupa ya nyonga, mabega yabaki na kazi ya kulizuia lisiangukie nyuma.

Kwa hiyo muda wako mwingi dukani uutumie kwenye mkanda wa kiunoni, maana hapo ndipo wanawake wembamba wanapoachwa. Ukiuvaa, katikati ya sponji yake ikalie ule ukingo wa juu wa nyonga, sponji ije mbele ifunike vile vichwa vya mifupa vinavyojitokeza pande mbili za tumbo. Kaza. Ukikaza mpaka mwisho na sponji za kulia na kushoto zikagusana katikati, mkanda huo ni mkubwa kwako, hautakaza zaidi mlimani utakapokuwa umevaa nguo nyepesi au umepungua. Inatakiwa ibaki nafasi ya vidole vinne au zaidi kati yake. Tazama na umbo: nyonga zetu zinatanuka kuelekea chini, hivyo mkanda uliokatwa kwa kuinama kidogo unatulia, na ule ulionyooka kama wa suruali unabana ukingo wa juu na kuacha wa chini ukielea. Kwa mtu asiye na nyama nyingi kama wewe, hiyo ni michubuko siku ya kwanza. Na siku hiyo usivae jinzi yenye kifungo cha chuma chini ya mkanda.

Mikanda ya mabegani ifuate mviringo wa bega bila nafasi katikati. Kama imeshonwa mbali sana kulia na kushoto, itakuwa inateleza kwenda nje na utajikuta unaivuta kwa mkanda wa kifuani ili isidondoke. Mkanda wa kifuani haukuwekwa kwa kazi hiyo. Wenyewe ukae juu ya matiti, vidole viwili au vitatu chini ya mitulinga, uwe unapanda na kushuka, na usiukaze hadi ukubane pumzi. Huko juu pumzi utaihitaji yote. Ncha za sponji za mabegani ziishie upana wa kiganja hivi chini ya kwapa. Zikishuka mpaka ubavuni, au kile kishikizo cha kukazia kikawa kimefika kwapani na huwezi kuvuta zaidi, begi ni kubwa. Na vile vikanda vidogo vinavyotoka juu ya bega kwenda kichwani mwa begi, vilale kwa nyuzi 45 hivi. Vikisimama karibu wima, mgongo wa begi ni mrefu kwako.

Ukisikia vidole vinaingia ganzi, tua. Mishipa ya fahamu ya mkono inapita hapo kati ya shingo na kwapa, na mkanda mbaya unaibana. Hilo sitaki ulivumilie hata kwa kuona aibu mbele ya wenzako.

Sasa, begi la kupandia lina mambo yake. Ninyi mnatumia mikono na mnatazama juu, kwa hiyo liwe jembamba, lisizidi upana wa mgongo wako, viwiko vipite bila kugonga. Vaa helmeti ukiwa dukani. Inua kichwa kama unayetafuta pa kushika; helmeti ikigonga kichwa cha begi, liache. Mkanda wa kiunoni uwe unachomoka, maana ukishavaa hanesi, ile mikanda ya kiunoni na mapajani inayofungwa kamba, na vyuma vyake vinaning'inia, mkanda mnene juu yake unavibana na kukuumiza. Mkitembea kuelekea kwenye mwamba unaufunga na kubebea kwa nyonga. Mkianza kupanda unauchomoa. Nje kusiwe na vifuko na vitanzi vingi vya kukwama kwenye mawe. Kitanzi cha juu cha kuvutia begi kwa kamba kiwe kimeshonwa kwa nyuzi nyingi za kwenda na kurudi. Hicho mimi hukiangalia kabla ya zipu.

La watoto, kwa jumla, hapana. Mengi ya shule hayana fremu, ule uti mgumu unaosimamisha mgongo wa begi, wala mkanda wa nyonga unaobeba kitu, ni utepe tu wa kuzuia begi lisirukeruke. Lakini yapo mabegi ya vijana yaliyotengenezwa kwa mlima, yenye mgongo unaorekebishwa na sponji ya kweli kiunoni, na hayo yanaweza kukukaa kuliko la wanaume dogo. Ukilikuta, lipime kama nilivyoeleza na usione haya.

Tukifika kwenye lita, hesabu ni fupi. Wengi hushauri mzigo wa kutembea nao usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili. Kama una kilo 48, ni kilo tisa na nusu, pamoja na begi lenyewe. Maji ya Hanang msiyategemee njiani. Ukibeba lita tatu, kilo tatu zimekwenda. Ndiyo maana begi tupu la kilo mbili na zaidi, ambalo mwanaume mkubwa halisikii, kwako ni adui. Tafuta la kilo moja na kidogo. Hanang ina zaidi ya mita 3,400 na mnapanda na kushuka siku moja, kwa hiyo lita 30 hadi 35 zinatosha maji, chakula, koti la mvua, sweta na taa ya kichwani. Meru mtalala kwenye vibanda vya hifadhi, hamhitaji hema, na mkichukua wapagazi watabeba mzigo mkubwa. Begi hilohilo litakufaa. Zile lita 60 walizokuonyesha hazina kazi kwako, na begi kubwa halikosi vya kulijaza.

Nendeni kati ya Juni na Oktoba. Unakumbuka Desemba 2023 tope lilivyoshuka kutoka Mlima Hanang likaifunika Katesh na watu wengi wakafariki. Msipange safari ya mvua.

Kuhusu kununua: hapa Sabasaba kwenye mitumba yanatoka mabegi mazuri kuliko mapya ya bei nafuu, ukijua kuchagua. Angalia lebo ya saizi ndani, XS au S. Kampuni ya Deuter ya Ujerumani huandika SL kwenye yale ya umbo la kike. Ingiza mkono mpaka chini. Kitambaa kikinata au kikidondosha unga mweupe, ule utando wa kuzuia maji umekufa, na hauna dawa. Bonyeza sponji ya kiunoni kwa gumba, ukiachia ipande. Ikibaki na shimo, imechoka. Vifungo vya plastiki na zipu visikutishe, hivyo nabadilisha. Naweza pia kufupisha tepe, kuhamisha mkanda wa kifuani, kubadili sponji. Mgongo wa begi wenye fremu siwezi kuufupisha, na anayekuambia anaweza ataliharibu.

Hanesi na kamba, mwanangu, hizo usinunue mtumba kamwe, na usimpe fundi yeyote ashone, hata mimi. Nyuzi zake zinakufa kwa jua na umri bila kuonyesha nje. Ikichanika inatupwa.

Begi lolote lijaribu likiwa na mzigo. Tupu, kila begi linakaa vizuri. Weka kilo nane za unga katika mifuko midogo, mizito iegemee mgongo. Legeza mikanda yote. Funga kwanza wa nyonga, kisha vuta ya mabegani, kisha vile vidogo vya juu, mwisho wa kifuani. Panda na kushuka ngazi za shule kwa nusu saa, uchuchumae, uinue mikono. Kama muuzaji hataki ulijaribu hivyo, nenda kwa mwingine.

Jumamosi nitakwenda Sabasaba asubuhi, kabla jua halijawa kali. Nitumie namba zako mbili, ya mgongo na ya nyonga, kabla ya Ijumaa jioni. Nikipata linalofaa nitalipiga picha na tepu juu yake uone mwenyewe, ukikubali nitalipakia kwenye basi la Singida. Na hata begi la mmoja wa wenzako, usililipie mpaka tuzungumze.

Mama yako